Ndege ya kivita ya rimoti: ulizia kwanza itarukia wapi

Chukulia kijana wa Kibokoni aliyepelekwa kazini Homa Bay. Mshahara anao, jioni hana pa kwenda, na tangu udogo ana hamu ya ndege. Anafungua simu, anaona picha ya Spitfire ya rangi ya kijani na kahawia, mbawa zake zimechongoka kama jani la mwembe, imewekwa juu ya nyasi zilizokatwa vizuri huko Uingereza. Anaipenda papo hapo. Pesa yenyewe ni ya miezi mitatu ya kujinyima, na ndege hiyo ikimaliza wiki bila kuvunjika basi kijana ana bahati.

Makala haya ni yake, na ni ya baba au mjomba anayetaka kumnunulia mtoto kitu cha kumfunza badala ya simu nyingine. Rai yangu ni moja: ndege ya namna hii haichaguliwi kwa uzuri wa picha. Huchaguliwa kwa hewa, ardhi na maji ya pale itakaporuka. Homa Bay na Migori si Mombasa, na zote tatu si Uingereza.

Somo hili wakubwa walilipata kwa gharama, tena hapa hapa kwenye pwani ya Waswahili. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, H. Dennis Cutler, pamoja na ndege ya majini aina ya Curtiss, akawa anaruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo. Rejeta ya ndege ilipoharibika, ilibidi itafutwe nyingine Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya motokaa ya Ford. Cutler aliiona Königsberg mwezi Novemba. Desemba injini ikamsaliti, akashuka mtoni, akatekwa.

Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za majini za Sopwith. Kwao zilisifiwa. Rufiji zilishindwa: hewa ya joto ni nyepesi, injini zikapungua nguvu, na zikipakiwa mabomu na mtu wa pili hazikung'oka majini. Gundi ya mbao nayo ikaanza kuachia kwa joto na unyevu. Ndege za Short zilizokuja Aprili zilikuwa na afadhali. Mwishowe kazi ilifanywa na ndege za magurudumu, Farman na Caudron, zikirukia uwanja uliofyekwa kisiwani Mafia. Hizo ndizo zilizokuwa zikiwaelekeza wapigaji mizinga wa Severn na Mersey, hadi Königsberg ikamalizwa Julai 11, 1915.

Tazama yaliyowasumbua: hewa nyepesi, gundi, spea, na pa kutua. Mwenye ndege ya rimoti pale ziwani atakutana nayo yote manne.

Tuanze na hewa. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Migori uko juu zaidi, umepita mita 1,300. Kwenye kimo cha ziwa hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Ubawa hubeba kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikipungua, ndege lazima iende kasi zaidi ili ibebe uzito uleule, na kwa kimo hicho ni kama asilimia 5 au 6 zaidi. Propela nayo hupata hewa kidogo ya kushika, kwa hiyo ndege huchelewa kunyanyuka na huhitaji uwanja mrefu zaidi wa kutua.

Asilimia 6 utaiona ndogo, lakini ndege za kivita za mfano huwa tayari zimebana. Zile za asili ziliundwa ziwe na mbio, mwili mzito na mbawa fupi, na mafundi wa mifano huiga umbo hilo. Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama namba mbili zilizoandikwa kwenye kasha: uzito wa kuruka na eneo la mbawa. Gawanya gramu kwa desimita mraba, yaani kipande cha sentimita 10 kwa 10. Kwa ndege yenye upana wa mbawa wa karibu mita 1.2, ile ya kujifunzia aghalabu huwa na gramu 30 hadi 40 kwa kila kipande. Ya kivita hufika 50 na kupita. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ndege inavyotaka kasi kubwa ili isianguke, na ndivyo inavyokupa muda mchache wa kufikiri. Muuzaji asiyeandika eneo la mbawa, muulize. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Hapa ndipo Spitfire inapomponza mgeni. Mbawa zake nzuri zile huchongoka kuelekea ncha, na ndege ndogo ikipunguza mwendo kupita kiasi, ncha moja huacha kubeba kabla ya nyingine. Ndege hulala ubavu ghafla na kupiga mbizi. Hutokea zaidi wakati wa kutua, kwenye kona ya mwisho, pale mikono inapotetemeka na ndege iko chini mno kuokolewa. Siku hizi nyingi huja na kifaa kidogo cha jairo kinachosawazisha ndege yenyewe, na ni msaada mkubwa, lakini jairo haiwezi kutengeneza kasi ambayo haipo.

Kuhusu upepo, Mpwani akifika ziwani lazima ajifunze upya. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, pepo za miezi. Ziwa lina pepo za saa. Alfajiri na asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda majini, polepole, kama ule ambao mabaharia wetu huuita umande. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto na upepo hugeuka: kuanzia adhuhuri hutoka ziwani kuingia bara, na mara nyingi alasiri hufuatwa na mawingu mazito ya radi yanayojikusanya upande wa milima ya Kisii. Saa za kuruka ni saa moja asubuhi hadi saa nne. Ndege ndogo kabisa, zile za upana wa nusu mita zinazoingia kwenye mkoba, baada ya saa hizo huwa karatasi tu mbele ya upepo. Ya mita 1.1 hadi 1.4 ndiyo saizi ya watu wengi: inahimili upepo kiasi, inaonekana ikiwa mbali, na mbawa zikifunguliwa kasha lake linaingia kwenye buti la basi la Mombasa, Nairobi, Kisii hadi Homa Bay bila kugombana na utingo.

Sasa ardhi. Mtu atasema, si kuna viwanja vya ndege? Vipo, Kabunde karibu na mji wa Homa Bay na Lichota pale Migori, na hivyo ndivyo hasa usivyopaswa kukaribia. Ndege za abiria kutoka Nairobi hutua humo, na helikopta za wanasiasa, hasa msimu wa kampeni, hutua popote zinapopenda. Kilo moja na nusu ya ndege ya mchezo ikigonga kioo cha rubani si mchezo tena.

Kinachobaki ni viwanja vya mpira vya shule na malisho. Hapo omba ruhusa kwa mwalimu mkuu au mwenye ardhi, na uje siku ambayo wanafunzi hawapo. Nasisitiza hili kwa sababu ndege ikinguruma tu, watoto wa mtaa mzima watatoka mbio waje chini yake. Piga hesabu: ndege ya kilo 1.4 ikienda kilomita 80 kwa saa, kishindo chake ni sawa na kuiangusha kutoka ghorofa ya nane. Ukichagua ndege nzito na ya mbio umechagua pia kwamba unahitaji mtu wa pili wa kuwazuia watu, na uwanja mpana kuliko ule wa shule ya msingi. Hiyo ni gharama ambayo haiandikwi kwenye kasha.

Udongo wenyewe una mambo. Sehemu nyingi za tambarare ya Homa Bay na Ndhiwa zina ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa masika. Magurudumu madogo huzama kwenye nyufa, pua inapiga chini, propela inavunjika. Na magurudumu yanayojikunja, ambayo ndiyo fahari ya ndege ya kivita, hujaa matope siku ya kwanza na kukwama siku ya pili. Upande wa Migori, mashamba ya miwa ya Awendo humeza ndege: ikishukia humo, miwa imekuzidi kimo, utazunguka saa nzima ukisikia mlio wa onyo bila kuona kitu. Ndiyo maana nunua king'ora kidogo cha kufunga ndani, bei yake ni ndogo kuliko betri moja. Na ukiwa Nyatike, maeneo ya Macalder, usikimbie huku macho yako juu. Mashimo ya wachimba dhahabu hayana ua.

Kwa ardhi hiyo, ipi? Kama hujawahi kurusha chochote, nunua kwanza ndege ya mafunzo ya kawaida, isiyo ya vita, yenye mbawa juu ya mwili. Najua hutaki kusikia hilo. Angalau jizoeze mwezi mzima kwa programu ya kompyuta inayounganishwa na rimoti. Humo utaanguka mara mia bila kulipa.

Baadaye, ndege ya kivita inayopendekezwa sana kwa anayeanza ni T-28 Trojan ya Marekani. Ilikuwa ndege ya kufunzia marubani, mbawa zake ni pana, na ina gurudumu la mbele, kwa hiyo haipigi pua ovyo kwenye nyasi. Ni shauri zuri. Lakini msomaji wa Kiswahili ajue historia ambayo muuzaji hamwambii. T-28 ndizo zilizowapiga Simba wa mashariki ya Kongo miaka ya 1964 na 1965, zikirushwa na Wakuba waliokimbia nchi yao na kulipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Kalemie, Fizi na Uvira zinaijua sauti ya injini hiyo. Harvard nayo, ndege ya njano nzuri ya mafunzo ambayo mifano yake iko kila duka, ilifungwa mabomu hapa Kenya kuanzia 1953 na jeshi la anga la Uingereza, ikawa inayaangusha juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na nyuma yake zikaja Lincoln zenye injini nne. Sisemi usinunue. Nasema kijana akiulizwa na mzee, "Hiyo ni ndege gani, mwanangu?" awe na jibu zaidi ya "nzuri". Katika umbo dogo, Harvard pia ina ugonjwa uleule wa kulala ubavu ghafla, kwa hiyo kuna sababu mbili za kufikiri.

Chaguo langu kwa nyasi za huko ni Hawker Hurricane. Haina sifa za Spitfire kwenye filamu, lakini ubawa wake ni mnene, na miguu yake imesimama mbali mbali, hukunjwa kwa ndani, wakati ile ya Spitfire imekaribiana na hukunjwa kwa nje. Tofauti hiyo iliwasaidia marubani wenyewe kwenye viwanja vibovu, na itakusaidia wewe kwenye uwanja wa mpira. Messerschmitt 109 ya Kijerumani ilikuwa na shida ya miguu kuliko hata Spitfire, na marubani wengi waliiharibu wakiwa chini tu. Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mita 12.2, kwa hiyo mfano wa mita 1.2 ni kama sehemu moja ya kumi. Nayo ina haki ya kuruka anga ya Kenya: marubani wa Afrika Kusini walizitumia kutoka hapa mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia, wakati ambapo Malindi yenyewe iliangushiwa mabomu na ndege za Kitaliano, Oktoba 1940. Ukipata Hurricane isiyo na magurudumu kabisa, ya kurusha kwa mkono na kutua kwa tumbo, usiidharau. Kwenye udongo mweusi hiyo ndiyo yenye akili.

Lakini wewe uliye Homa Bay una kitu ambacho sisi Mombasa tunacho kwa jina tu: maji yasiyo na chumvi. Ndege ya majini ikinyunyiziwa maji ya Tudor, mota na nyaya zake huanza kutafunwa siku ileile, hata ukizisuuza. Ziwani unapangusa na kukausha. Basi ndege yangu ya ndoto kwa mtu wa ziwani ni Catalina.

Hii ni ndege ya nyumbani. Vita vya pili vilipokuwa vikiendelea, kikosi namba 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na Catalina zake Kipevu, hapo hapo ambapo leo kuna kontena, na mwaka 1943 kikosi namba 259 kikaundwa hapo hapo. Kazi yao ilikuwa kulinda misafara ya meli katika Bahari ya Hindi. Agosti 20, 1943, Catalina za vikosi namba 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Na ndege za majini kwa jumla zilikuwa uzi uliounganisha ziwa na pwani kabla ya vita hivyo: kuanzia 1937 zile kubwa za Imperial Airways zilishuka Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban. Abiria aliondoka Nam Lolwe akashukia bahari ya Hindi, yote kwa maji.

Catalina halisi ina upana wa mita 31.7. Mfano wa mita 1.45 umepunguzwa karibu mara 22, na bado ni mkubwa wa kutosha kuonekana vizuri. Ubawa umewekwa juu ya shingo, mbali na maji, na ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo ndege huelea hewani kwa utulivu ambao Spitfire haina. Mota ziko mbili, karibu karibu, juu kabisa. Jambo la kuzoea ni kwamba ukiongeza nguvu ghafla, mota hizo za juu huisukuma pua chini, kinyume na unavyotarajia. Ongeza taratibu. Kwenye maji mwache "boti" apande juu ya mgongo wa wimbi lake mwenyewe kwanza, ndipo umnyanyue. Mtu aliyezoea mashua ya injini ataelewa upesi kuliko mtoto wa bara.

Isiwe ndege yako ya kwanza, wala ya pili. Na kabla ya kuinunua, nenda ukakae ufukweni asubuhi tatu, uhesabu. Gugu maji lipo? Ghuba ya Homa Bay huweza kuwa wazi jumatatu na jumatano ikafunikwa kijani tupu, kwa sababu upepo huyahamisha magugu kama mikeka. Ndege ikitua juu yake haipinduki tu, hukwama pale ambapo mashua nayo haipiti. Nyavu zimetegwa wapi? Wavuvi wa omena hurudi saa ngapi? Viboko hutoka upande gani? Ongea na kamati ya ufuo, ile inayoitwa BMU, kwa sababu wao ndio wenye ufuo na watakuambia ukweli wote, na mtu mmoja wao mwenye mashua umlipe kabisa awe tayari. Usimwambie kijana aogelee kuifuata. Mbali na mamba na viboko, maji ya kando ya ziwa yana kichocho, na hakuna ndege inayostahili hilo. Tai wa ziwani naye, yule mwenye kichwa cheupe, na mwewe pia, huweza kuishambulia ndege wakidhani ni mgeni wa anga yao. Wakianza kuzunguka, shusha.

Sheria sasa, na hapa nitasema kwa ukali. Kenya ina Kanuni za Usafiri wa Anga kuhusu Vyombo Visivyo na Rubani za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Kuingiza nchini chombo kinachoruka bila mtu ndani kunahitaji kibali, kuna usajili, na kuna kikomo cha futi 400 juu ya ardhi. Watu hudhani kanuni hizo ni za droni zenye kamera tu. Afisa wa forodha akifungua kasha lako hataona Hurricane ya kihistoria. Ataona chombo kinachoruka kwa rimoti. Kwa hiyo barua kwa KCAA itangulie malipo: eleza aina, uzito, na mahali utakaporukia, na jibu ulihifadhi kwa maandishi. Ongeza kwenye bei ushuru, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine, ndipo ujue kama pesa yako inatosha. Wako watakaokushauri uipitishe Sirari na Isebania kimya kimya kwenye mzigo wa mtu. Huko umegeuza mchezo kuwa magendo, na Tanzania nayo ina mamlaka yake. Vilevile usifunge kamera ukarushe Muhuru Bay ukielekea Migingo. Kisiwa kile kina polisi wa nchi mbili wanaotazamana, hawahitaji ndege ya kivita, hata ya povu.

Nimetaja povu. Ndege nyingi za leo hutengenezwa kwa povu gumu, jamaa wa yale makasha meupe ya samaki na barafu, ila lenye kunyumbuka zaidi. Wapenzi wa zamani husifu mti wa balsa, ni mwepesi na unapendeza, lakini balsa ikipasuka Homa Bay fundi wake ni nani? Povu hugandishwa kwa gundi ya dukani, na asubuhi yake unaruka. Adui wake ni joto: ndege ya rangi nyeusi ikiachwa ndani ya gari lililofungwa, juani, huvimba na mbawa hupinda. Kumbuka gundi ya Sopwith. Hata stika huachia.

Spea ndizo zinazoamua mwaka wa pili. Kabla ya kuchagua, tafuta kama propela, kishikio cha propela, mota na zile mota ndogo za kuvuta usukani zinauzwa moja moja, au ni lazima ununue ndege nzima. Nunua propela nne pamoja na ndege, siyo moja. Ndege ambayo sehemu zake ni za saizi za kawaida, hata kama haikupendeza sana, ni bora kuliko ile ya kipekee. Ford ya Mombasa haitakuwapo safari hii.

Betri nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazochoma nyumba. Ni za lithiamu-polima, laini kama mkate wa maji, na zikitobolewa au kuchajiwa kupita kiasi huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, tena kwa chaja yake yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kama kawaida yetu, ng'oa kwanza. Zisizotumika kwa siku kadhaa ziache kwenye volti kama 3.8 kwa kila seli, zisijae wala zisiishe.

Na kama shemeji yako wa Muscat au Dubai ndiye atakayekuletea, mwambie mapema: betri za akiba hazipakiwi kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege. Zije mkononi, kila moja na mfuko wake, ncha za nyaya zimefungwa. Kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100 kwa kila betri. Kuipata hesabu hiyo zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 11.1 yenye ampea-saa 2.2 ni wati-saa 24 na kidogo, na ile ya Catalina ya volti 14.8 yenye ampea-saa 3.3 haifiki 50. Zote zinapita. Namba hizo ziwe zimeandikwa juu ya betri, zisomeke, maana mkaguzi wa uwanja wa ndege hatapiga hesabu kwa niaba yake.